Maji Yafaayo Udhu, Je, Yafaa Kunywa?

Ndugu Waislamu, watoto wetu madrasani hufundishwa kuyapima maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha tohara. Sumu yaweza kukipita.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea wakaleta matrekta, karakana na mapipa ya mafuta. Mradi ukavunjika mwaka 1951. Ruangwa nako, wachimbaji wadogo wamechimba dhahabu. Wachimbaji wadogo nchini huinasa dhahabu kwa zebaki, nayo hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni mwa mamaye. Kuyachemsha maji huua vijidudu, zebaki hakuiondoi.

Basi kabla ya kuchimba kisima, tuwaulize wazee: hapa palikuwa na nini? Ikiwa ni karakana, ghala la dawa au mahali pa kuoshea dhahabu, tuhame, au maji yapimwe kwanza na wataalamu. Na pipa lililotiwa dawa ya mikorosho lisitiwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba.

Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Kisima ni sadaka yenye kuendelea. Tujihadhari isiendelee sumu.