Rangi, Dawa au Kitofautishi? Istilahi za Kiswahili na Kinga ya Figo katika Upigaji Picha za Kitabibu

1.0 Utangulizi
Katika kipimo cha siti skani, mgonjwa huweza kudungwa kiowevu chenye iodini ili mishipa na viungo vyake vionekane bayana. Kiowevu hicho hutoka mwilini kupitia figo. Hivyo, figo zilizokwisha kudhoofika huweza kudhurika zaidi. Makala hii inafafanua jinsi madhara hayo yanavyozuiwa na kuonesha kuwa kinga huanzia katika maswali anayoulizwa mgonjwa.

2.0 Misingi ya Kinga
Dalili kuu ya madhara ni kupanda kwa kreatinini katika damu, kwa mfano kwa 0.3 mg/dl au zaidi ndani ya saa 48. Tamko la pamoja la American College of Radiology na National Kidney Foundation la mwaka 2020 linaeleza kuwa hatari hii ilitiwa chumvi hapo awali. Kinga ya maji ya chumvi kwa njia ya mshipa huwalenga hasa wenye kasi ya uchujaji wa figo iliyo chini ya 30 na wenye jeraha la ghafla la figo. Kwa wagonjwa hao, metformini husitishwa kwa saa 48, na dawa zinazodhuru figo huepukwa. Jaribio la PRESERVE (2018) halikuona manufaa ya asetilisisteini.

3.0 Mjadala wa Istilahi
Neno "rangi" linapotosha, kwa kuwa kiowevu chenyewe hakina rangi: kazi yake ni kuzuia eksirei. "Dawa" nalo huashiria tiba na kuficha hatari. "Kitofautishi" hutaja kazi yenyewe, ila huhitaji maelezo mafupi. Vivyo hivyo, swali "Je, unatumia dawa zinazodhuru figo?" humtaka mgonjwa ajue asichofundishwa. Lifaalo ni: "Je, wiki hii umemeza dawa yoyote ya maumivu, hata uliyonunua dukani?" Aliyemeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo atajibu la pili, si la kwanza.

4.0 Hitimisho
Wagonjwa huvuka mipaka, kama wale wa Kongo ya Mashariki wanaotibiwa Kigali na Kampala. Inapendekezwa kuwa wizara za afya na mabaraza ya Kiswahili yaandae kwa pamoja hojaji moja fupi, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuidhinishwa. Swali lisiloeleweka huweza kumponza mwenye figo dhaifu, au kumnyima mwenye figo nzima kipimo anachokihitaji.