Mtafiti wa ubongo ageuka meneja, wenye mitaji wamfuata

Hisa za Denali Therapeutics zilipoanza kuuzwa katika soko la Nasdaq, Marekani, Desemba 2017, kwa dola 18 kila moja, kampuni hiyo haikuwa na dawa hata moja dukani. Hata hivyo ilikusanya dola milioni 250. Mnunuzi wa mchele angeuliza gunia liko wapi. Mnunuzi wa hisa za aina hii huuliza nani yuko nyuma yake.

Mmoja wa waanzilishi watatu wa Denali mwaka 2015 alikuwa Marc Tessier-Lavigne, mtafiti wa ubongo mzaliwa wa Kanada. Mwaka 1994 yeye na wenzake huko San Francisco walitangaza kuzipata netrini, protini zinazoelekeza nyuzi za neva pa kukua. Kazi ilikuwa ya jasho: walitumia bongo za vifaranga wasioanguliwa wapatao 25,000.

Mwaka 2003 alihamia kampuni ya madawa ya Genentech, ambako alifikia kusimamia wanasayansi wapatao 1,400. Hapo ndipo kazi hubadilika. Meneja wa utafiti hashiki tena mirija ya maabara. Huamua mradi upi upewe fedha na upi ufungwe. Kufunga mapema ndiko kunakookoa mtaji, maana majaribio kwa wagonjwa hula fedha nyingi kuliko maabara. Baada ya hapo alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mwaka 2011, na wa Stanford mwaka 2016.

Lakini daftari la maabara halikufungwa. Mwaka 2023 jopo lililochunguza makala 12 zenye jina lake halikuona ushahidi kwamba yeye mwenyewe alighushi. Lilisema, hata hivyo, kuwa watu kadhaa katika maabara alizoziongoza walionekana kuchezea data, na kwamba yeye hakuchukua hatua za kutosha kusahihisha makosa. Aliacha urais Agosti mwaka huo. Wasifu wa viongozi katika waraka wa kuuzia hisa hutaja vyeo na tuzo. Nani aliyekagua data, mwekezaji hana budi kuuliza mwenyewe.

Wenye mitaji mikubwa hawakumkimbia. Aprili 2024 alitangazwa Mkurugenzi Mtendaji wa Xaira Therapeutics, inayobuni dawa kwa akili bandia, ikiwa na ahadi za mtaji zaidi ya dola bilioni 1. Fedha hizo zilitoka kwa wawekezaji binafsi. Hisa hazikuuzwa kwa umma, hivyo mwenye akiba ndogo hakuwa na mlango wa kuingilia.