Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakuwa na maana kwamba kila mgeni ni mganga, bali walijua ya kuwa nyumba ikifikiwa na mgeni huchangamka, na hata mtu aliyekuwa hoi kitandani hujikongoja akaketi ili aamkiwe. Katika mwaka wa 2020 neno hilo liligeuzwa juu chini. Katika nchi nyingi za dunia wazee waliambiwa, Mgeni asije, ili mwenyeji apone. Mwezi huu twataka kueleza yaliyotokea katika nyumba za kutunzia wazee wakati wa maradhi ya korona, hasa huko Uingereza, kwa kuwa mambo hayo yana mafundisho kwa kila nyumba yenye mzee, na yafaa tuyafikiri sasa, kabla maradhi mengine hayajatujia.

Kwanza tuseme nyumba hizo ni nini. Wengi wetu tukisikia habari zake hudhani kwamba ni mahali pa kuwatupa wazazi. Si hivyo. Katika Uingereza watu kama 400,000 hukaa humo, na wengi wao wamepita miaka 80. Wako wasioweza kujigeuza kitandani peke yao, na wako wengi walioshikwa na ugonjwa wa kusahau, hata mtu akawa hajui kama amekula au hajala. Mara nyingi mke wa mzee huyo naye ni mzee, na watoto wao ni watu wenye kazi za mshahara mbali na nyumbani. Hata huku Afrika ya Mashariki nyumba za namna hii zipo, kama ile iitwayo Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, inayotunzwa na masista. Tena ndugu zetu wengi waliohamia Uingereza na Marekani hupata riziki kwa kazi hiyo ya kuwaosha, kuwavika na kuwalisha wazee wa watu. Basi habari hizi si za kigeni kabisa kwetu.

Yafaa kujua pia kwamba jamaa wa mzee hakwenda kule kuketi tu na kuondoka. Binti aliyefika kila alasiri ndiye aliyejua kwamba mama yake hanywi chai ila ikiwa ya vuguvugu. Ndiye aliyemlisha kijiko kwa kijiko, akamchana nywele, akatambua kwamba miwani imepotea au kwamba nguo zimeanza kumpwaya. Mume aliyekuja kila siku kumshika mkono mkewe ndiye pekee ambaye sauti yake ilimtuliza mgonjwa akubali kuoshwa. Wauguzi walikuwa wachache na wazee ni wengi. Kazi hiyo ya jamaa haikuandikwa katika daftari lo lote, lakini ilikuwa kazi ya kweli.

Mwishoni mwa Februari 2020 ilijulikana kwamba maradhi yameingia katika nyumba moja ya wazee katika mji wa Kirkland, karibu na Seattle, nchi ya Marekani. Wakazi wengi wa nyumba ile walikufa, na jamaa zao walisimama nje, wakiwatazama kwa madirishani na kusema nao kwa simu. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ugonjwa umeenea ulimwenguni. Siku ile ile serikali ya Ufaransa ilikataza watu wasiwazuru wazee katika nyumba hizo. Siku mbili baadaye Marekani ilifanya vivyo hivyo, ila kwa mtu aliye karibu kufa na mambo mengine ya huruma kama hayo. Waholanzi walifunga kabla mwezi ule haujaisha, na Waingereza nao wakafunga milango.

Tusiwalaumu upesi waliofunga. Maradhi haya yaliwachukua wazee kuliko vijana, na mtu aliweza kuwa nayo pasipo kukohoa wala kuona homa, akamwambukiza mwenzake kwa pumzi tu. Siku zile hapakuwa na chanjo, na vipimo vilikuwa haba. Mwenye nyumba yenye wazee hamsini alijua kwamba mtu mmoja akiingia na ugonjwa huenda akaagwa kila siku maiti mmoja. Kumfungia mlango mwana wa mtu lilikuwa jambo chungu, lakini lilifanywa kwa nia ya kuokoa.

Hata hivyo ugonjwa uliingia, maana nyumba ya wazee haina mlango mmoja. Watunzaji hawakuweza kuzuiwa, kwa kuwa bila wao wazee wasingekula wala kunywa. Na baadhi yao walifanya kazi katika nyumba mbili au tatu ili mshahara utoshe, wakaubeba ugonjwa huku na huku bila kujua. Tena katika Machi na Aprili 2020 wagonjwa wengi wa Uingereza walitolewa katika hospitali wakapelekwa katika nyumba hizo pasipo kupimwa. Mwezi wa Aprili 2022 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba taratibu zile za serikali hazikuwa halali, kwa kuwa hazikuangalia hatari ya watu wenye ugonjwa wasioonyesha dalili. Hata ulipoanza mwaka huo wa 2022, wakazi zaidi ya 40,000 wa nyumba za wazee katika Uingereza na Wales walikuwa wamekufa kwa maradhi hayo. Basi hapo ndipo penye uchungu: aliyependwa alizuiwa mlangoni, na ugonjwa ukapita mlango mwingine.

Zikaanza siku za dirishani. Jamaa walisimama bustanini, katika baridi na mvua, wakaweka mkono juu ya kioo, na mzee akauweka wake upande wa ndani. Wengine walileta ngazi ili wafikie orofa ya juu. Mwenye akili timamu aliweza kuelewa kwamba kuna maradhi, akavumilia. Lakini mwenye ugonjwa wa kusahau ataelewaje? Yeye aliona mwanawe amesimama nje na haingii. Wengine walilia, wengine walidhani wamefanya kosa, na wengine walizoea kukaa kimya hata majina ya watoto wao yakawatoka. Simu zenye kuonyesha picha zilisaidia baadhi yao, lakini kwa mzee asiyesikia vizuri, uso mdogo unaosema ndani ya kioo cha mkononi ulikuwa kama kitu cha kutisha. Hata wasioshikwa na korona walidhoofika, wakakataa chakula, wakaacha kutembea. Ruhusa ya kumwona mtu wa kufa ilikuwako, lakini saa ya kufa haipigi hodi. Mara nyingi jamaa waliitwa mgonjwa alipokuwa hawezi tena kusema, na mara nyingine wakafika amekwisha kwenda.

Hapa yatupasa kuwataja watunzaji kwa heshima. Karibu na mji wa Lyon, katika Ufaransa, iko nyumba iitwayo Vilanova, iliyokuwa na wazee 106. Ugonjwa ulipokaribia, watumishi 29 kati ya 50 walikubali kujifungia humo pamoja na wazee, wakilala sakafuni juu ya magodoro, mbali na watoto wao. Walikaa siku 47, hata tarehe 4 Mei 2020, ijapokuwa si wote walioweza kumaliza siku zote. Mkuu wao hakutaka wazee wafungiwe vyumbani peke yao kama wafungwa, akasema waishi wakionana. Wakati nyumba nyingine za nchi ile zilizika watu wengi, nyumba ile haikupata mgonjwa hata mmoja wa korona.

Huko São Paulo, katika Brazil, watu walishona pazia la nailoni lenye mikono, ili mtu wa nje amkumbatie wa ndani pasipo kugusana ngozi. Tarehe 5 Agosti 2020 bibi mmoja wa miaka 85 alikumbatiwa na mwuguzi kwa pazia hilo, na huko kulikuwa kukumbatiwa kwake kwa kwanza baada ya miezi mitano. Mpiga picha Mads Nissen, mtu wa Denmark, aliipiga picha ya tendo hilo, na mwaka wa 2021 ikachaguliwa kuwa picha bora ya mwaka katika mashindano ya ulimwengu. Jambo la ajabu ni kwamba picha hiyo haina vita wala mfalme. Ina kikongwe kifuani pa mtu, basi.

Waholanzi walitaka kujua kama mlango waweza kufunguliwa bila hasara. Tarehe 11 Mei 2020 walichagua nyumba 26, na katika kila nyumba mzee aliruhusiwa mgeni mmoja, yule yule kila mara, kwa masharti ya usafi. Wataalamu waliangalia majuma matatu. Hawakuona ugonjwa mpya katika nyumba zile, nao wakaona kwamba wazee wamefurahi, na jamaa na wauguzi vile vile. Basi ikajulikana kwamba si lazima kuchagua kati ya kufunga kabisa na kufungua ovyo. Iko njia ya katikati, nayo ni kufungua kwa akili.

Katika Uingereza chanjo ilianza kutolewa Desemba 2020, na wa kwanza kuchanjwa, tarehe 8, alikuwa bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, katika mji wa Coventry. Tarehe 8 Machi 2021 kila mkazi aliruhusiwa kumtaja mtu mmoja wa kuingia ndani kumzuru, akiisha kupimwa na kuvaa barakoa, naye aliruhusiwa kumshika mkono. Mwezi wa Mei wakawa watano, na tarehe 31 Januari 2022 hesabu ya wageni ikaondolewa. Lakini jamaa waliofiwa hawakunyamaza. Walidai kwamba jambo hili lisiachwe tena katika hiari ya mwenye nyumba. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 iko kanuni katika Uingereza kwamba nyumba ya wazee haina ruhusa ya kumzuia mgeni pasipo sababu kubwa ya haki, na katika 2025 bunge la Scotland lilipitisha sheria ya namna hiyo, ijulikanayo kwa watu kuwa Sheria ya Anne.

Huku kwetu wazee wengi hukaa nyumbani, lakini tusiseme kwamba hayakutugusa. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ya Kenya ilikataza watu kutoka na kuingia Nairobi, na katazo hilo lilidumu miezi mitatu. Wana wengi waliokuwa mjini hawakuweza kwenda kuwaona wazazi wao shamba. Mzee alikaa kibarazani akitazama njia, na njia haikuleta mtu.

Basi, wasomaji, tujifunze nini? Twaona mambo manne.

La kwanza, tutambue kwamba wageni ni wa namna mbili. Yuko mgeni wa kuamkia, na yuko yeye ambaye mgonjwa humtegemea kama fimbo yake. Wa kwanza aweza kungoja hata hatari ipite; wa pili asihesabiwe mgeni, bali ahesabiwe pamoja na watunzaji, afuate masharti yao yote. Kila nyumba na imtaje mapema mtu huyo, na mzee mwenyewe aulizwe amtaka nani.

La pili, tumpende mzee kwa akili. Mwenye mafua au homa asiende kumbusu bibi yake. Anawe mikono, madirisha yafunguliwe hewa ipite, na ikiwezekana waketi nje chini ya mti. Kukaa mbali siku chache kwa ajili ya homa si ukosefu wa heshima. Kusahau kurudi homa ikiisha, huo ndio ukosefu.

La tatu, asiyeweza kufika apeleke neno. Walimu, hili ni lenu hasa. Mfundisheni mtoto kumwandikia babu yake barua kwa herufi kubwa, yenye habari za mbuzi, mvua na masomo, na mfundisheni mwingine kumsomea mzee barua polepole. Simu huisha mara ikikatwa, lakini barua hukaa chini ya mto, ikasomwa tena kesho.

La nne, tusimwache mtunzaji peke yake. Katika kila ukoo yuko mmoja, mara nyingi binti au mke wa mwana, abebaye mzigo wa mzee usiku na mchana, na wengine huja siku ya sikukuu na ushauri mwingi. Atakayemzuru mzee amwulize na huyo pia kama amelala, amshikie kazi saa moja, apate kupumzika.

Wazee wale wa Uingereza waliokaa nyuma ya vioo hawakuomba makubwa. Waliwekewa chakula, dawa na kitanda safi, navyo vilikuwa vyema; lakini mwanadamu haishi kwa kutunzwa mwili tu. Asomaye haya, na mzee wake yu hai, na mlango wake u wazi, asingoje mwisho wa mwezi. Na aende juma hili, aketi naye, asitazame saa.