Aliyeumwa na Nyoka

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na sisi watu wa Mombasa twaijua bahari ya bamvua inavyokupwa na kujaa. Lakini adhuhuri ile maji yaliondoka bila ya wakati wake, yakarudi kwa kasi, yakaondoka tena. Nilikuwa pwani na wanangu wawili. Samaki waliachwa mchangani wakirukaruka. Nikawaambia watoto, "Okoteni!" nami nikaokota. Askari walipokuja kutufukuza, nilinung'unika.

Baadaye ndipo tulipopata habari kuwa ardhi ilitetemeka alfajiri karibu na Sumatra, na mawimbi yakasafiri muda wa saa 9 hivi hadi kwetu. Somalia walikufa watu karibu 300. Kenya alikufa mmoja. Mawimbi yalitufikia bamvua halijajaa; lau lingalikuwa limejaa, Mungu ndiye ajuaye.

Basi Aprili 2012 Sumatra ikatetemeka tena, na tahadhari ikatolewa katika Bahari ya Hindi. Barazani petu watu walicheka. "Ile ya kwanza ilitufanya nini?" Nami nilicheka nao. Hakucheka ila mvuvi mmoja aliyehamia kwetu kutoka pwani ya Somalia. Aliwachukua mkewe na watoto, akapanda nao Changamwe wakalala huko. Mawimbi makubwa hayakuja. Aliporudi tulimfanyia mzaha, hakujibu neno.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kweli, lakini je, yule ambaye nyoka alimpita miguuni asimguse? Huyo hudhani nyoka hana sumu. Bahari ilikuwa moja, siku moja. Yeye ilimfunza hofu, sisi ikatufunza kiburi.

Kiko kisiwa kiitwacho Simeulue, karibu mno na pale palipotetemeka 2004. Mwaka 1907 mawimbi yaliwaua wengi huko. Walionusurika waliwaachia wajukuu neno moja, "smong", katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitetemeka na bahari ikakupwa, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Waliokufa ni 7.

Wale hawakuwa wameumwa wao. Waliimbiwa.

Nami ni mtunzi. Nimetunga mashairi ya harusi na ya siasa. La bahari ile sijatunga hata beti moja. Wanangu sasa wana watoto, nao huenda pwani kila Jumapili. Leo usiku nitaanza.