Wahusika Wasio na Jina

Jioni, katika vichochoro vya Kariakoo, husikika milio ya bunduki ikitoka vibandani. Si vita. Ni vijana wanaocheza michezo ya video, wenyewe huiita gemu, wakilipia kwa muda mbele ya televisheni. Wala wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba hayo ni ya Dar es Salaam peke yake, maana mashine hizo hizo huvuka na boti hadi Unguja.

Wako wazee, na maofisa pia, wanaonung'unika kwamba michezo hiyo huishia katika msiba. Lawama hiyo si ngeni. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya ya Rosa Mistika, ambayo mhusika wake mkuu anajiua. Kitabu kikazuiliwa shuleni. Miaka ikapita, kikarudishwa humo humo kufundishwa. Mwaka 1974 ikafuata Kichwamaji, na Kazimoto, kijana msomi wa Chuo Kikuu, naye akafa kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho mchungu kama shubiri! Hata hivyo msomaji humlilia Kazimoto, kwa kuwa ameketi naye nyumbani kwa wazazi wake, na amekijua kiburi chake na hofu yake.

Sasa tutazame Grand Theft Auto V, mchezo wa mwaka 2013. Mpita njia hugongwa na gari, akalala barabarani, na punde mtaa mzima ukamsahau. Hana jina, hana mama, hana deni dukani. Kwa maoni yetu, kasoro i hapo, wala si katika damu.

Waundaji wa mchezo huo ndio waliotoa Red Dead Redemption 2 mwaka 2018. Humo jambazi Arthur Morgan anampiga mkulima mgonjwa ili alipe deni, naye anaambukizwa kifua kikuu ambacho kinamwandama hadi mwisho. Na aliyebonyeza kitufe cha kupiga ni mchezaji mwenyewe. Jambo hilo kitabu hakiliwezi.

Basi ofisa anayetaka kuipima michezo hii asianzie mwishoni. Aulize kwanza: anayekufa ni nani?

Kijana akitoka kibandani, Mtaa wa Kongo, hupishana na mchukuzi wa mkokoteni mwenye jina, kodi ya chumba na watoto shuleni. Tungependa siku moja amkute na ndani ya kioo.