Itikadi za David Maillu, Mwana wa Ukambani

David Maillu, mwandishi wa Kenya, alizaliwa mwaka 1939 katika vilima vya Ukambani vilivyohesabiwa zamani katika wilaya ya Machakos. Na ajabu ni kwamba mwandishi huyu, ambaye vitabu vyake vya Comb Books, shirika lake mwenyewe la uchapishaji, viligombaniwa Nairobi katika miaka ya 1970, hata Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976 kwa kuhofia kuharibika kwa adabu, nafsini mwake ni khatibu wa maadili. Ndani ya After 4.30, shairi refu la mwaka 1974, mzaha na ashiki havifichi dhuluma anayoilaani: wakubwa wa ofisi wanaowatumia wanawake wahitaji.

Lakini katika Our Kind of Polygamy, kitabu cha mwaka 1988, anaitetea ndoa ya wake wengi kuwa desturi halali ya Waafrika, hoja ambayo, kwa rai yangu, haiwatendei insafu wake wenyewe. Siasa yake nayo imo katika utetezi huo huo wa mila: uhuru wa bendera haumtoshi mtu aliyenyang'anywa mila, ndiyo maana akatunga hata Ka, kitabu alichokikusudia kiwe msahafu wa Mwafrika.