Muziki wa mchana



Zamani mwezi wa pili ukikaribia, vijana wetu walikuwa na neno moja mdomoni: Amani. Hawakuwa wanasema ile amani tunayoiombea kila Jumapili. Walikuwa wanasema Festival Amani, tamasha la muziki la Goma. Tangu Noeli walianza kutunza nauli, wakaazimana viatu, wakajifanya wasikivu nyumbani kuliko siku zote. Kisha swali likaletwa kwetu: mama, niende? Katika vikundi vyetu swali hilo limetugawa kila mwaka. Wengine wetu wanasema muziki wa jukwaani unapoteza mtoto. Wengine wanasema mtoto asiye na pa kuimba atatafutwa na watu wenye kazi nyingine ya kumpa. Wiki hii tunalirudia, ingawa jukwaa lenyewe limenyamaza, kwa sababu tunafikiri kuna kitu tunaweza kukichukua kutoka Goma na kukileta kwenye viwanja vyetu.

Tukumbushane kwanza tamasha lilivyozaliwa. Goma iliingia mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012. Mwaka uliofuata, bado watu wana hofu, kundi la Wakongo na rafiki zao wa ng'ambo wakapanga siku za muziki kwa mwezi wa nane. Mapigano yakasogea karibu na mji, siku zikaahirishwa. Wengi walisema basi, imekwisha. Lakini tarehe 14 Februari 2014, miezi mitatu tu baada ya vita vile kusimama, mlango wa uwanja wa Collège Mwanga ukafunguliwa, na kwa siku tatu watu zaidi ya 20,000 wakapita hapo. Kwenye kadi ilikuwa Ijumaa hadi Jumapili. Mjini ilikuwa wiki nzima: mazoezi, mbao zikipigwa misumari, bafle zikijaribiwa, wamama wakihesabu makaa na mafuta ya mandazi.

Muziki wenyewe ulikuwa wa kila namna. Rap, rege, rumba, nyimbo za pop ambazo watoto wanazijua kwa moyo na sisi tunazisikia kama kelele, halafu ghafla ngoma za kienyeji, na mama aliyekuja kumlinda binti yake anajikuta anacheza kuliko binti. Wanamuziki walitoka Kinshasa, nchi za jirani, hata Ulaya, na vikundi vya Kivu vikapanda jukwaa hilo hilo. Kijana wa Goma ambaye hakuwa na jina alisimama pale aliposimama mwenye jina. Jambo hilo si dogo. Innoss'B, ambaye leo anajulikana Afrika nzima, alizaliwa Goma mwaka 1997, akaanza kuimba mdogo sana pamoja na kaka zake wa kundi la Maisha Soul. Alipokuwa na miaka kama 13 alishinda mashindano makubwa ya waimbaji wa Kongo. Mwaka 2019 aliurudia wimbo wake Yope pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na video ile imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Watoto wetu wanayajua haya yote kuliko somo la hesabu. Wanapotuambia muziki unaweza kuwa kazi, hawaoti ndoto tupu. Tunawajibu, kwa haki kabisa, kwamba kwa kila Innoss'B mmoja kuna mamia walioacha masomo na hawakupata kitu. Majibu yote mawili ni kweli, na mzazi anaishi katikati yake.

Lakini sisi tuliokubali watoto waende, hatukukubali kwa ajili ya majina makubwa. Tulikubali kwa sababu ya namna tamasha lile lilivyopangwa. Lilifanyika mchana. Jua likikaribia kuzama, muziki unaisha, watu wanarudi nyumbani barabara bado zinaonekana. Mtu wa mji mwingine angecheka, maana konseti bila usiku kwake si konseti. Mama wa Kivu hacheki. Anajua saa kumi na mbili jioni ni nini katika barabara zetu.

Tena kiingilio kilikuwa kama dola moja kwa siku. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mbeba chukudu waliweza kusimama mstari mmoja. Na mahali palikuwa uwanja wa shule, wenye ukuta na milango inayolindwa, si baa. Kazi za mlangoni, za maji, za usafi na za kuongoza watu zilifanywa na vijana wa kujitolea, mamia yao, na wengi wao kwa mara ya kwanza walipewa dhamana na mtu mzima. Ukiangalia vizuri, hivyo ndivyo mama yeyote mwenye akili angeipanga sherehe: mchana, karibu, kwa bei ndogo, na kila mtoto ana kazi.

Halafu kuna biashara, tusiifiche. Watu elfu kadhaa wakicheza tangu asubuhi wanapata njaa na kiu. Jibini yetu ya Masisi, ambayo sote tunaiita fromaji, kalanga, mandazi, makemba ya kuchoma, sambaza, marakuja: vitu hivi havihitaji kufundishwa kuuzwa. Tamasha lenyewe lilitenga nafasi kwa vijana wanaoanzisha kazi zao ili waonyeshe wanachotengeneza. Kwa wamama wa vikundi vya akiba, siku tatu kama hizo zinaweza kujaza pengo la mwezi mzima.

Baadaye mambo yakaanza kuyumba. Korona ikaja, kisha Nyiragongo ikalipuka tarehe 22 Mei 2021, kisha vita vikarudi Rutshuru na kupanda milima ya Masisi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia tena mikononi mwa M23, na mwezi wa pili wa mwaka huo Collège Mwanga haikusikia bafle. Katika siku zile zile ambazo vijana wangekuwa wanacheza, tarehe 13 Februari 2025, mwimbaji Delcat Idengo, mtoto wa Beni, aliuawa kwa risasi Goma. Machi vita vikafika Walikale mjini. Hatuandiki haya kufungua vidonda. Tunayaandika kwa sababu vijana wetu waliyaona, wakahesabu wenyewe, na wengine wakaamua kwamba bunduki inasikika mbali kuliko gitaa. Mvulana wa miaka 15 asiye na shule ana milango michache: machimbo, msitu, ama kukaa kando ya barabara. Je, sisi tunamfungulia upi?

Hapo ndipo tunataka kuwarudisha nyuma kidogo, mpaka Walikale ya mwaka 1956. Kabla ya bafle, kabla ya mikro, mzee mmoja wa Kinyanga, Candi Rureke, aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, mbele ya watu waliozidi kuongezeka. Alicheza, aliigiza, njuga zikilia miguuni, kibuyu mkononi, na vijana kando yake wakipiga mti mkavu kwa vijiti kumpa mwendo. Waliosikiliza waliitikia, wakampa zawadi. Mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliyaandika yote pamoja na Mnyanga msomi, Kahombo Mateene, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Watoto wetu wengi hawajasikia hata jina la Mwindo. Siku 12, wamama! Goma walipata tatu.

Na hadithi yenyewe ni ya kwetu sisi wazazi. Chifu Shemwindo aliwaagiza wake zake wazae wasichana tu. Mke wake mpendwa akazaa mvulana, naye ni Mwindo. Baba akataka kumuua; ilipomshinda, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto hakunyamaza. Aliimba humo ndani ya ngoma, majini, akimtafuta shangazi yake Iyangura, na shangazi ndiye aliyepasua ngozi ya ngoma na kumtoa. Kila tunapoisimulia katika kikundi, kuna mtu anauliza: mama mzazi alikuwa wapi? Ni swali zuri, lakini sisi tunampenda sana Iyangura. Alisikia mtoto akiimba mahali pasipofaa, akaenda kufungua.

Sasa tufike kwenye kazi. Tunapendekeza kwamba mahali penye utulivu, vikundi vya wamama viandae alasiri ya muziki. Haihitaji jukwaa. Inahitaji uwanja wa shule ama wa kanisa wenye njia moja ya kuingilia, ruhusa ya chefu, ya mwalimu mkuu na ya wenye usalama, na saa nne za mchana. Tuanze saa sita, tumalize saa kumi, na anayetoka mbali awe na saa mbili za kutembea kabla ya giza. Pale ambapo risasi zimesikika wiki hiyo, tusiite watu. Kuahirisha si aibu. Goma waliahirisha kabla hata ya kuanza.

Kiingilio kiwe kidogo, na asiye nacho alete kuni, ama bidoni la maji. Watu 200 wakitoa franka 500 kila mmoja, ni franka 100,000: zinaweza kusaidia kukodi bafle na kununua mafuta ya jenereta, na kama zinabaki, zinaingia kwenye sanduku la kikundi mbele ya macho ya wote. Hesabu isomwe siku hiyo hiyo. Pesa ya muziki ikilala usiku mmoja mfukoni mwa mtu, asubuhi ina maneno.

Kanyanga na kasiksi zikae nje ya uwanja. Tunajua baadhi ya wanaume watanung'unika, na tunajua pia baadhi ya wamama wanaopika kasiksi ni wanachama wetu. Siku hiyo wauze juisi. Vyoo vya wasichana viwe peke yake, na mama wawili wakae karibu navyo muda wote. Kila msichana aje na mwenzake na aondoke na mwenzake. Na tulisema hili mara nyingi, tunalirudia: msichana ama mvulana akitendewa ubaya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi zinafanya kazi katika muda huo tu. Hatumuulizi alivaa nini. Mwenye watoto wachanga asikae mbele ya bafle hata kama mtoto analala. Kulala si dalili kwamba masikio yake hayaumii.

Kuhusu nani aimbe, tuwe wakarimu. Wavulana wa rap wapewe nafasi yao, hata kama hatuelewi nusu ya maneno. Tuwaombe tu maneno yao mapema, tuyasome. Wimbo unaotukana kabila la mtu hauingii, hata ukiwa na mdundo mtamu namna gani. Kisha zije kwaya za wamama, nyimbo za shambani za Kihunde na Kitembo, ngoma za Wakumu, na wenzetu wa Kinyarwanda wanaocheza mikono juu kama pembe za ng'ombe. Na kama kuna mzee wa Kinyanga anayekumbuka hata kipande cha Mwindo, apewe kiti cha mbele na saa nzima. Vijana wenye telefone wamrekodi. Mzee akiondoka na hadithi yake, hakuna bafle itakayoirudisha.

Tumeulizwa pia kama ni haki kucheza wakati wengine wanalala chini ya mahema. Baadhi yetu tumelala humo, na tunajibu hivi: jioni kambini, kabla mvua haijaanza, wamama waliimba. Walitwanga sombe wakiimba, walibembeleza watoto wakiimba. Hakuna aliyewauliza kama wana haki.

Vikundi vitakavyokubali, leteni majina ya waimbaji na ya mama wawili wa mlangoni kwa mwandikishi wa kikundi kabla ya mkutano wa Jumapili. Anayejua wimbo wa mavuno wa nyanya yake, aje nao umeandikwa, ama aje tu, tutauandika pamoja.